Mtani Aliyetupa Jiko Langu Mtoni

Anayetaka kucheka acheke sasa amalize, kisha anyamaze nisimulie. Nimechoka kuambiwa kwamba nilipigwa na jua. Haya ninayoyaandika yalinipata mimi mwenyewe, akili zangu timamu, uji wa asubuhi tumboni na kofia kichwani, mchana kweupe, kwenye kivuko cha zamani cha Mto Malagarasi. Ushahidi ninao usoni. Nitazame vizuri: nyusi ya kushoto sina. Ilikwenda siku hiyo na haikurudi. Sasa mvi zinaniota kila mahali isipokuwa hapo.

Mimi ni fundi bati. Kusoma sikusoma sana, madarasa mawili na juzuu chache za chuoni, kwa hiyo atakayeona maneno yangu hayakunyooka asinisahihishe, aelewe tu. Kwa kabila ni Mzaramo. Nilifika Tabora kwa gari moshi enzi za Mwingereza, nikiwa kijana, nikafungua kibanda karibu na soko. Ndoo, vibatari, mabirika, mifereji ya mvua: kama kitu ni cha bati na kinavuja, mimi ndiye mganga wake.

Sasa Mzaramo kuishi kwa Wanyamwezi ni raha tupu, maana sisi ni watani. Tangu babu zao walipokuwa wakishuka pwani na mizigo kichwani na babu zetu wakiwapokea kwa kejeli, utani haujafa. Mtani akimkuta kuku wako anamchukua, na ukitaka kurudishiwa unamkomboa kwa masharti yake. Ukinuna, umeshindwa. Na msiba wa Mnyamwezi bila mtani haujawa msiba. Mtani ndiye anayeingia kaburini akajilaza, akakataa kutoka mpaka apewe kitu. Ndiye anayemwiga marehemu alivyokuwa akitembea, mpaka mjane mwenyewe anacheka huku machozi yanamtoka. Shika hilo, utalihitaji mbele.

Nikampenda Zuhura, binti wa Mzee Mrisho. Huyu Mzee Mrisho alikuwa mfanyabiashara wa asali, nta na samaki wakavu, na nyumba yake ilikuwa karibu na kile kivuko, mahali misafara ya zamani ilipokuwa ikivukia kwenda Ujiji. Alikuwa na boti ya injini aliyoinunua mkono wa pili Kigoma, na hakuna mgeni aliyefika kwake asipelekwe kuitazama kama mtoto mchanga.

Posa ilikubaliwa, mahari ikatolewa, ndoa ikapangwa Ijumaa. Likabaki jambo moja. Bibi yake Zuhura, mama mzazi wa Mzee Mrisho, alikuwa anaishi ng'ambo ya mto. Kwao bibi ndiye anayemtoa bi harusi chumbani. Bila bibi, bi harusi hatoki, hata sheikh aje na vitabu vyote. Na mvua za mwaka ule ziliufanya mto kuwa bahari ya matete. Bibi akatuma neno: mtumbwi ulishampindua mara moja ujanani, hapandi tena mpaka kufa. Iende boti, au harusi ingoje kiangazi.

Boti yenyewe ilikuwa inavuja petroli.

Mzee Mrisho akanitumia salamu Tabora: "Mwanangu, wewe si fundi bati? Tangi la boti ni bati. Lizibe, umchukue mkeo."

Kungoja kiangazi! Unajua ni miezi mingapi? Na ndani ya miezi hiyo watu wangapi wangepita kwa mkwe wangu na ng'ombe wengi kuliko mimi? Jumatano asubuhi nikashuka kwenye gari moshi na sanduku langu la vyombo, na mafua makali niliyoyaokota njiani.

Aliyenipokea ni Kasimu, mpwa wa Mzee Mrisho, dereva wa boti. Namtaja kwa jina na sitamficha mpaka mwisho. Kasimu alikuwa kijana mwenye maneno matamu, anayeanza kila kazi na hamalizi hata moja. Tangi alikuwa ameshalifungua kwenye boti, ameliweka kwenye mchanga pale kivukoni. Nikaliinamia. Unajua alikuwa ameliziba kwa nini? Kwa nta ya nyuki!

Watu wa nchi ya asali wana ugonjwa huo. Mtungi ukipata ufa, nta. Mtumbwi ukivuja, nta. Na kweli, maji hayapiti. Lakini petroli si maji. Petroli huilamba nta kidogo kidogo mpaka inakuwa laini kama makamasi, kisha inapita. Miezi miwili Kasimu alikuwa akiongeza nta juu ya nta, na Mzee anashangaa petroli inakwenda wapi.

"Umeliosha ndani?" nikamwuliza. Maana tangi la petroli haliwekwi karibu na moto kabla halijaoshwa. Petroli ikiisha, mvuke wake unabaki ndani, na huo mvuke ni mbaya kuliko petroli yenyewe.

"Nimeliosha, shemeji," akasema Kasimu. "Maji ya moto na magadi, mara tatu. Washa moto wako."

"Mbona nikilitikisa kinacheza kitu ndani?"

"Maji ya kusuuzia hayo, shemeji. Yatakauka."

Akaenda zake kula. Mimi ningenusa, lakini pua ilikuwa imeziba kwa mafua, hata ungeniwekea samaki aliyeoza nisingejua. Nikamwamini. Nikakwangua ile nta yote, nikauona ufa: mkanda wa chuma unaolishikilia tangi ulikuwa umelisugua mpaka likachanika kwenye mshono, urefu wa kidole. Kazi ndogo. Nikawasha jiko langu la mkaa hatua mbili kutoka kwenye tangi, nikachomeka chuma cha kulehemu kipate moto, nikakaa. Wivu wangu juu ya wale wenye ng'ombe ulikwisha. Nilikuwa naimba peke yangu.

"Mwangaluka, Mzaramo!"

Nikageuka. Amesimama mtu mfupi mpana, kaniki kiunoni, miguuni pete za waya wa shaba kama walivyokuwa wakivaa wazee wa zamani sana. Mkononi ana fimbo iliyofungwa kengele ndogo. Na begani kwake, bega la kushoto, palikuwa na sugu kubwa kama kiazi, nyeusi, inang'aa. Nikadhani ni mvuvi wa kambi za juu.

"Mwangaluka gani adhuhuri hii?" nikamjibu, maana hiyo ni salamu yao ya asubuhi. "Umelala wapi wewe?"

"Sisi tumefika hapa asubuhi," akasema. "Kwangu bado asubuhi."

"Na umejuaje mimi Mzaramo?"

"Nani mwingine anaweza kukaa juani anapika sanduku? Nazi zimekwisha kwenu?"

Jamani, nilivyofurahi! Tangu nipose kwa Mzee Mrisho nilikuwa naishi kwa adabu. Mkwe hataniwi. Miezi yote hiyo matusi yangu mazuri yalikuwa yamenijaa tumboni, sina wa kumpa. Nikamtazama lile bega.

"Na hilo bega lina mimba ya miezi mingapi?" nikamwuliza. "Shusha mzigo, bwana! Biashara ya pembe ilikwisha zamani, hujaambiwa?"

Akacheka mpaka kengele ikalia. "Nitashusha akija wa kunitua."

"Aje nani? Mnyamwezi anazaliwa na mzigo kichwani, mama yake anadhani kazaa mapacha."

"Na Mzaramo anazaliwa amekaa, anauliza ngoma inalia wapi."

Tukaenda hivyo, mimi hili, yeye lile. Niamini, sijawahi kucheka vile. Mbavu ziliniuma. Na kwa kucheka huko sikuona kwamba chuma kilikuwa kimeshaiva. Nikajipangusa machozi, nikakishika mpini. Mkono mwingine nikalivuta tangi karibu.

Akainama, akalishika jiko kwa mikono mitupu, mkono huku na mkono huku, bati jekundu kwa moto, chuma changu kikiwa bado kimechomekwa ndani, akalinyakua mpini ukaniponyoka. Akatembea nalo mpaka ukingoni, hatua za pole, kama mtu anayepeleka chakula kwa wageni. Akalitupa mtoni.

Chwaaa! Mvuke ukapanda.

Nusura nikasirike. Sikudanganyi, tusi lenyewe, lile la kweli lisilo la utani, lilishafika kwenye meno. Jiko langu! Chuma changu! Harusi yangu! Lakini mtani hakasirikiwi. Nikalimeza. Nikasema, "Ahsante, Mnyamwezi. Umezoea kubeba, hata jiko la mtu huliachi."

Alionekana kupendezwa sana na jibu hilo. Akalielekezea tangi fimbo yake. "Kilichomo tumboni mwa sanduku lako si maji. Kimwage uone."

Nikalibeba tangi, nikalisogeza mbali, nikalipindua. Kikatoka kama kikombe kimoja, kikamwagika mchangani. Sasa maji yakimwagika mchangani yanaacha doa, si ndiyo? Hili doa lilikauka huku naliangalia. Kaa moja lilikuwa limeanguka njiani jiko lilipopita, bado jekundu. Nikachukua unyasi mrefu, nikauwasha kwa kaa lile, nikausogeza pale mahali pakavu huku nimegeuza uso.

Sikuugeuza vya kutosha. Moto uliruka kama chui. Nilijikuta nimekaa chini, ninanuka kuku aliyebabuliwa, na nyusi zote mbili hakuna.

Hicho ni kikombe kimoja, mahali pa wazi. Je, kama ningelitia chuma chenye moto kwenye tangi lililofungwa, nimelikumbatia kifuani? Zuhura angeolewa na nini? Na kofia?

Nikageuka nimshukuru. Hakuna mtu. Kutoka pale hadi ukingoni ni tope jeusi. Nyayo zangu nilipokuwa nikichota maji zilikuwa zimezama mpaka kifundo. Zake, aliyepita na jiko zima la mkaa, hazikuwepo hata moja. Nikasikia kengele, mbali, upande wa juu wa mto, kisha matete tu.

Uliza kama niliogopa. Kwanza nilicheka, kwa sababu kicheko kilikuwa hakijaisha. Ndipo nikajitwika tangi, nikaondoka pale bila kugeuka nyuma.

Nyumbani kwa mkwe nikachemsha maji mwenyewe. Kasimu akaja mbio akiuliza, "Shemeji, nyusi ziko wapi?" Nililiosha lile tangi kwa magadi mara saba, nikalilaza wazi usiku kucha. Alhamisi alfajiri nikalijaza maji mpaka chini kidogo ya ufa, mvuke usipate pa kukaa, nikalilehemu kwa chuma kidogo cha akiba ninachozibia mabirika, kwa moto wa jikoni kwa mama mkwe. Kisha nikayamwaga yale maji, nikalikausha, nikalipulizia pumzi, nikapaka povu la sabuni kwenye mshono. Hata kipovu kimoja hakikuvimba. Injini ikawaka mara ya kwanza. Mzee Mrisho akapiga makofi kama mtoto.

Adhuhuri tukavuka kumchukua bibi, mimi, Kasimu kwenye usukani, na wajomba wawili wa Zuhura. Tukakata matete, tukafika ng'ambo. Bibi alikuwa ameshatoka, amekaa kwenye kigoda ukingoni, kiko mdomoni, mzee mdogo mkavu kama karanga. Mbele yake kuna jiko, na juu ya jiko birika la kahawa.

Jiko lilikuwa langu. Nilipigilia mguu mmoja wa jiko lile kwa misumari mimi mwenyewe, naujua kama jino langu. Na pembeni yake, chuma changu.

"Shikamoo, bibi," nikasema.

"Marahaba, mume wangu usiye na nyusi. Unaliangalia jiko? Kaniletea mtu jana adhuhuri. Limejaa mkaa unaowaka, na yeye mwenyewe ametota maji mpaka kichwani. Kasema ni la Mzaramo anayekuja kunioa mjukuu, na likombolewe."

"Mtu gani, bibi?"

Akavuta kiko kwanza. "Bega la kushoto lina sugu?"

Akatueleza pale pale, huku kahawa inachemka. Yeye alikuwa msichana mdogo, baba yake akivusha misafara kwa mtumbwi. Asubuhi moja msafara ulifika kule upande wetu, mpagazi mmoja akaanguka na mzigo begani na hakuinuka tena. Msafara ulikuwa na haraka, maji yanapanda. Wakamfukia mbio mbio pale kivukoni. Wakalia, ndiyo. Lakini siku hiyo hapakuwa na Mzaramo katika msafara wala Mgogo wala mtani yeyote wa kumcheka na kumtua.

"Mtu aliyezikwa kwa machozi matupu halali," akasema bibi. "Huyo anatafuta mtani. Amekwisha kuwachokoza wengi pale, wote wananuna, wanatukana, anawaibia vitu. Wewe hukununa?"

"Nilimeza, bibi."

"Basi ndiyo maana umerudishiwa. Haya, likomboe jiko lako."

Niliambiwa la kufanya nikalifanya, na sijutii. Tuliporudi upande wetu bibi akatuonyesha mahali kwa fimbo, kichuguu kidogo pale kivukoni, karibu na nilipokuwa nimewasha jiko. Wanawake wa harusi walikuwa wamekuja kumpokea na vigelegele, na ngoma zao. Nikavua kofia, nikajilaza juu ya kichuguu chali.

"Sitoki!" nikapiga kelele. "Hapa ni kwangu! Huyu Mnyamwezi kajificha humu asilipe deni la kuku wa babu yangu! Mpaka nipewe kitu, haziki mtu hapa!"

Kisha shangazi mmoja akaangua kicheko, na kikaenea kama moto wa nyika. Wakanirushia mahindi, wakanirushia samaki mkavu. Nikainuka nikamwiga: bega limepinda, matako nyuma, nachechemea na mzigo usioonekana, nauliza kila mtu "Mwangaluka, pembe zimepanda bei?" Bibi alicheka mpaka kiko kikaanguka majini. Zuhura mwenyewe, bi harusi asiyetakiwa kuonekana, nilimsikia akicheka nyuma ya mlango wa nyumba.

Na kwa kuwa mtani msibani ana ruhusa ya kusema lolote, nikamsimamia Kasimu mbele ya watu wote. "Mwoneni huyu! Ndiye aliyeosha tangi mara tatu kwa mdomo wake! Marehemu wa pili ningekuwa mimi, na nyusi zangu zilitangulia!"

Watu wakaanguka kwa kucheka. Kasimu naye akacheka, tena kuliko wote. Mwisho nikaliendea lile kaburi, nikainama, nikafanya kama ninayemshusha mtu mzigo kutoka bega la kushoto, pole pole, nikautua chini. Nikasema, "Tua, mtani. Umefika."

Kengele ililia mara moja, karibu na sikio langu. Waliokuwepo waliisikia, waulizeni. Tangu siku hiyo hakuna aliyesalimiwa mwangaluka adhuhuri pale kivukoni.

Ijumaa nilioa. Nilioa bila nyusi, mama mkwe akanichorea kwa masizi ya lile jiko, na yakanitiririka kwa jasho mbele ya sheikh. Sijaona harusi iliyochekwa kama yangu. Ya kulia iliota tena, ya kushoto hakuna dawa. Jiko ninalo mpaka leo. Bati lilipopoa lilibaki na alama za vidole vya mtu pande mbili, nne huku na nne huku, na mbili za dole gumba, zimezama kama zilivyozama nyayo zangu kwenye tope. Njoo Tabora uone, nitakupa na kahawa.

Ila nina jambo limenikaa rohoni miaka yote hii. Baada ya harusi nilitaka kumshitaki Kasimu kwa Mzee Mrisho, na Mzee akanisikiliza, kisha akatikisa kichwa. "Mwanangu, ulikwisha kulisema kwa utani mbele ya watu, na watu wakacheka. Neno lililochekwa msibani halipelekwi barazani." Ndiyo sheria. Ule utani ulionikinga mimi na moto ukamkinga yeye na mashitaka. Kila Idi anakuja kwangu, anakula pilau ya Zuhura, ananipiga bega, "Shemeji, nyusi imeota?" na watoto wangu mwenyewe wanamchekea.

Kwa hiyo nakuonya, msomaji. Kwanza, ukikutana na mtu asiyekujua akakutania mchana, usinune. Hujui ni nani, wala hujui anakuondolea nini mbele yako. Pili, chombo chochote kilichokuwa na petroli, hata uambiwe kimeoshwa na malaika, mwaga mwenyewe, osha mwenyewe.

Na la tatu si lako, ni la mtu mmoja. Msiba umekwisha, wacheshi wamekwenda kwao, na mimi nimekaa na kalamu, sitanii. Kasimu, hukuliosha lile tangi.